Hedifoni za kuzima kelele: miezi minane kichwani

Nilizinunua kwa sababu ya feni. Meza yangu ya kazi iko kwenye kona ya chumba cha kulala, na hiyo feni inanguruma kutwa. Nikiizima nalowa jasho, nikiiwasha kichwa kinagonga kabla ya saa sita. Siku ya kwanza nilibonyeza kitufe cha pembeni, ngurumo ikapotea. Nikainua macho nikidhani imezimika. Wapi! Mapanga yanazunguka vilevile.

Kuna vimaikrofoni kwa nje vinavyonasa kelele, na spika ya ndani inatoa wimbi lililo kinyume chake, yakikutana yanamezana. Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya spika ya Bose, alianza kulifikiria jambo hili mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege, na hadi leo hedifoni hizi ni hodari kwa kelele za namna hiyo ya ndege: ngurumo nzito isiyobadilika. Feni, friji, jenereta. Kilio cha mtoto wa miaka minne ni habari nyingine. Kinapanda, kinashuka, na kinakufikia, chembamba kidogo tu. Ukitaka kumzimia mtoto sauti, usipoteze hela yako.

Lililoniudhi ni maikrofoni. Kimya unakisikia wewe, wenzako kikaoni hawakisikii. Mimi nilikuwa naeleza ankara zilizochelewa, nimetulia kabisa, bosi akauliza, "Samahani, uko sokoni?" Kumbe sufuria zilikuwa zinaoshwa mlango wa pili. Tena, maikrofoni yake ikifunguka kwa Bluetooth, sauti zote zinageuka za simu ya zamani. Dawa niliyoipata: ingia kwenye mipangilio, chagua maikrofoni ya laptopu, hedifoni ibaki ya kusikilizia tu. Sauti inarudi safi. Na ushushe sauti yako, maana ukiwa umezibwa masikio unapiga kelele bila kujijua.

Ila faida kubwa haikuandikwa kwenye boksi. Mtu ukifanyia kazi nyumbani, watu wanakuona upo tu. "Kwa kuwa upo, hebu nishikie huyu." "Kwa kuwa upo, fundi akija mfungulie." Nikiwa nimevaa dude hili jeusi, wanachungulia mlangoni na kurudi. Mwanangu mwenyewe nilimsikia akimwambia bibi yake, "Mama yuko ofisini," nami niko hatua nne kutoka aliposimama. Saa kumi na moja jioni nazivua, nazitundika kwenye msumari, na kila mtu anajua sasa ruhusa. Naungama kwamba siku nyingine huwa nimezivaa zimezimwa, chaji haina hata tone.

Chaji yenyewe hainisumbui, Jumatatu hadi Alhamisi bila waya. Kinachosumbua ni uzito. Mimi navaa miwani, na baada ya saa mbili vipini vyake vinabanwa hadi fuvu linalalamika. Masikio nayo yanatoka jasho, na mwezi wa sita tangu nizinunue ngozi ya bandia ya sponji za masikioni ilianza kubanduka, nikawa natembea na vipande vyeusi shavuni.

Sponji mpya nimeshaagiza. Kabla hujanunua zako, jaribu kuzichomoa sponji na uulize kama zinauzwa peke yake. Za mwenzangu kazini zimegundishwa, zilipochakaa akatupa hedifoni nzima, nayo ilikuwa bado inaimba.