Huduma ya ushauri nasaha: kikao cha kwanza kilivyo

Kwa anayesitasita kuanza tiba ya mazungumzo, naipendekeza huduma ya kituo kimoja cha ushauri nasaha jijini Nairobi, hasa kwa kuwa mshauri wake hana haraka ya kutoa mawaidha. Katika kikao cha kwanza, kilichochukua dakika 50, aliniuliza kuhusu usingizi, familia na kazi, akaeleza kwamba siri za mteja hutunzwa isipokuwa uhai wa mtu ukiwa hatarini, kisha tukakubaliana malengo. Nafuu haiji papo hapo. Vikao vingine huchosha, hata kuliza. Ada, kwa bahati mbaya, ni nzito kwa wengi. Kabla ya kulipa popote, hakikisha mshauri amesajiliwa chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2014 inayosimamia washauri na wanasaikolojia.