Kabla hujalipia prosesa, uliza L3 ni MB ngapi

Mwezi uliopita nilitoka Kariakoo na Ryzen 5 5500, nikichekelea elfu thelathini iliyobaki mkobani. Muuzaji aliniapia: "Dada, hii na 5600 ni mapacha. Kore sita, tredi kumi na mbili." Nyumbani nikaifunga, nikawasha gemu yangu ya kurusha ndege. Kila nikikaribia kutua, picha inakwamakwama kama daladala kwenye foleni ya Mbagala. Nikabonyeza Ctrl+Shift+Esc, nikafungua sehemu ya CPU. Chini kabisa: L3, 16.0 MB. Ya 5600 ni 32.

Pacha gani huyu mwenye nusu tumbo?

Kore na gigahezi kila mtu anaziulizia, siziongelei. Kache, ile kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa, ndiyo inayosahaulika, na L3 ni ngazi yake ya tatu. Mtazame fundi cherehani, pini zikiwa data: alizobana mdomoni ni L1, za kwenye droo ni L2, za kopo la kwenye shelfu ni L3. Zote zikiisha, anaacha kazi kwenda dukani, na huko ndiko kwenye RAM, kumbukumbu kuu ya kompyuta. L1 hujibu ndani ya mizunguko minne au mitano ya prosesa, L3 arobaini na kitu, RAM mamia.

Kwa gemu, namba moja kwangu ni Ryzen 7 5700X3D, ukiibahatisha. Sifichi, mimi ni mtu wa AMD, hao wanaotengeneza Ryzen. Walibandika kache ya MB 64 juu ya ile 32, ikawa 96. Kaka yake, 5800X3D ya 2022, anaishia gigahezi 4.5 wakati 5800X inafika 4.7, na bado anaiacha kwenye gemu nyingi. Kama kazi yako ni kutoa video tu, usihangaike nayo, tofauti hutaiona.

Namba mbili ni hiyo 5600 niliyoikimbia. Tatu, Core i5-12400F ya Intel: L3 ni MB 18, ila kila kore ina L2 ya MB 1.25 dhidi ya KB 512 za Ryzen hizi, kwa hiyo fundi hainuki ovyo. Kasi ya kache nayo ina neno: mwaka 1998 prosesa ya Intel, Celeron 300A yenye KB 128 tu, iliitoa jasho Pentium II ya Intel hao hao yenye 512, kwa sababu kache yake ilikimbia kwa kasi kamili na ya mwenzake kwa nusu.

5600G nayo ni 16. Chukua kama huna kadi ya picha. i3-12100F, MB 12, ya ofisini.

Na hizi herufi! 5700X ina MB 32, 5700 isiyo na X ina 16, halafu dukani bei imeandikwa kwa makapeni, X haipo, na risiti inasema bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nilimrudia yule kaka kulalamika kuhusu kache. Akaniambia nikaifute kwenye setingi, mashine itakuwa nyepesi.