Dawa ya maji ya sunzua: wiki 10 na unyayo wangu

Kazi yangu ni kukimbiza karatasi za malori hapa mpakani Malaba, siku nzima niko kwa miguu. Mwaka jana mwezi wa nne nikaanza kuhisi kama nimekanyaga changarawe chini ya unyayo wa kulia. Navua kiatu, nakung'uta, hakuna kitu.

Nilipotazama vizuri nikaona kinundu kigumu chenye doa jeusi katikati. Kwetu Uganda, doa jeusi unyayoni ni funza, hakuna anayeuliza mara mbili. Mama mwenye nyumba akaja na pini yake: "Leta mguu, mwanangu." Akachokoa mpaka kandambili ikateleza kwa damu, funza hakutoka. Siku mbili baadaye mimi mwenyewe nikachukua wembe kumalizia. Kufikia Juni, kinundu kimoja kikawa vitatu.

Mfamasia ndiye aliyenifumbua macho. Alibonyeza kutoka juu, nikavumilia. Akaminya kwa ubavuni, nikaruka. Sugu huuma ukiikanyaga, akasema, sunzua huuma zaidi ukiiminya pembeni. Akanionyesha pia mistari ya ngozi: kwenye sugu inaendelea, kwenye sunzua inakatika. Na yale madoa meusi si mdudu wala mzizi, ni vimishipa vya damu vilivyoganda. Chanzo ni kirusi, HPV, kinachopenya kwenye ngozi iliyolowa au iliyochubuka. Nikakumbuka bafu letu, vyumba 8 tunachangia, na mimi naingia pekupeku. Halafu ule wembe!

Dawa yenyewe ni kichupa chenye brashi kwenye kifuniko, asidi ya salisili asilimia 17. Nilitoa shilingi 20,000. Inanuka kama rangi ya kucha, na ikikauka inaacha utando mweupe. Kila usiku naloweka mguu kwenye maji ya vuguvugu dakika 5, nasugua ngozi iliyokufa kwa tupa, nazungushia vaselini kwenye ngozi isiyo na sunzua, napaka dawa, ikikauka naweka plasta. Tupa hiyo ni ya sunzua tu, haigusi kucha wala haiazimwi.

Lawama yangu ni karatasi ya maelezo: maandishi ya sisimizi, na habari ya kusugua imefichwa huko chini kabisa. Wiki tatu za mwanzo nilipaka tu, dawa ikawa inakaa juu ya ngozi iliyokufa, nikaanza kulilia hela yangu. Wiki ya tano nikasahau vaselini, ngozi ya pembeni isiyo na sunzua ikachubuka, nikapumzika siku 4. Kuanzia hapo nikafuata utaratibu. Wiki ya 10 mistari ya unyayo ilikuwa imerudi, na nikaacha kuchechemea.

Mwenye kisukari au ganzi miguuni asijaribu nyumbani, aende hospitali. Anaweza kuungua bila kuhisi. Na kwa watoto mara nyingi sunzua hutoweka zenyewe, ingawa huchukua muda mrefu, kwa hiyo msiwakimbilie na kichupa hiki.

Naipa nyota 4 kati ya 5, moja imekatwa na ile karatasi.

Juzi mama mwenye nyumba aliniomba nimwonyeshe mguu. Akaumulika kwa tochi ya simu, akaugeuza huku na huku, kisha akasema, "Si unaona? Funza katoka mwenyewe."