Kumsajili Kabula ubalozini: kazi iko Mwanza, Dar ni kusaini tu

Nianze na maksi, maana kina mama wanaonifuata kwenye meza yangu pale soko la Mlango Mmoja huuliza hilo kwanza. Huduma ya kusajili mtoto kwenye ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam, naipa tisa kwa kumi. Moja nimeikata kwa sababu wao wako Msasani na mimi niko Mwanza, na katikati kuna zaidi ya kilomita elfu moja. Najua si kosa lao. Lakini nauli ni nauli.

Mimi nauza mitumba ya watoto. Mume wangu ni Mmarekani, anafundisha sayansi shule moja hapa mjini. Ndoa yetu ni ya bomani, tulifunga kwa Mkuu wa Wilaya baada ya lile tangazo la siku 21. Binti yetu kazaliwa Mwanza mvua zikiwa zimechachamaa, akaitwa Kabula, jina halikuwa na mjadala. Mjadala ulikuwa uraia. Baba yangu yuko Sengerema, siku hizi anavuka Daraja la JPM pale Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, asubuhi yuko kwake na saa tano yuko sebuleni kwangu. Akakaa, akaomba maji, akauliza: "Kwa hiyo mnaenda kumwandikisha mjukuu wangu Uzunguni, mimi nibaki na nani?"

Nikamweleza kama ninavyowaeleza nyie. Sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, lakini mtoto anaweza kuwa nao wote mpaka afikishe miaka 18, ndipo achague. Kumsajili ubalozini hakumwondolei Utanzania. Na kile wanachotoa kule hakifuti cheti cha RITA, wakala wetu wa kusajili vizazi. Cheti cha kuzaliwa kinabaki kile kile cha kwetu. Wao wanatoa hati inayosema mtoto huyu alizaliwa nje na alikuwa Mmarekani tangu siku ya kuzaliwa. Wanaiita kwa herufi tu, CRBA. Huombwa kabla mtoto hajafika miaka 18, lakini nawaambia ukweli, ombeni angali mchanga, kadi ya kliniki ikiwa bado haijaliwa na panya.

Hapa niseme kitu, maana watu huchanganya. Kila nchi ina utaratibu wake. Shoga yangu wa Pasiansi ana mume Mwingereza, na kwao kusajili uzazi wa nje ni hiari, mtu anaweza kwenda moja kwa moja kwenye maombi ya pasipoti. Kwa hiyo ukiambiwa na jirani "sisi tulifanya hivi", muulize kwanza mumewe ni wa wapi.

Kwa Wamarekani, mzigo mkubwa haukuwa kwa mtoto wala kwangu. Ulikuwa kwa Baba Kabula. Mimi nilidhani mtu mwenye pasipoti ya Marekani anamrithisha mwanawe uraia kwa kuzaa tu. Sivyo. Kwa wazazi waliooana, mmoja raia na mwingine mgeni, yule raia lazima athibitishe kwamba kabla mtoto hajazaliwa aliwahi kuishi ndani ya Marekani jumla ya miaka mitano, na miwili kati ya hiyo iwe baada ya kutimiza miaka 14. Kuishi kwa mwili, siyo kuwa na anwani. Likizo za Nairobi na miaka ya kufundisha Mwanza hazimo kwenye hesabu. Kama hamjaoana na Mmarekani ni baba, kuna nyongeza: akiri kwa maandishi kwamba mtoto ni wake, na aahidi matunzo mpaka mtoto afike 18. Dada zangu mlioko kwenye hali hiyo, litazameni mapema, siyo jambo la kulikumbuka mkiwa kwenye foleni.

Basi hapo ndipo alipoingia mama mkwe. Yuko Ohio, na kila karatasi ya mwanawe ameihifadhi tangu chekechea. Akatafuta rekodi za shule ya sekondari, rekodi za chuo, kadi za chanjo, fomu za kodi za mwajiri wa kwanza, akamkabidhi mgeni aliyekuwa anakuja Mwanza. Bahasha ilikuwa nzito kama tofali. Mume wangu alikaa na kalamu mezani akipanga miaka yake mmoja mmoja, huku mimi nikimkejeli kwamba kwetu ukitaka kujua mtu kaishi wapi unamuuliza balozi wa nyumba kumi. Kama mama mkwe wako si wa aina hiyo, andika shuleni kwake mwenyewe na uanze mapema.

Upande wetu wa Mwanza, cheti cha mtoto hakikutusumbua. Watoto wa chini ya miaka mitano husajiliwa kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, na cheti cha kwanza ni bure. Mpango huo ulianzia Mbeya mwaka 2013 kabla ya kutufikia. Aliyekuwa na kazi alikuwa nesi wodini, alipojaza tangazo la uzazi. Akaandika "Kabula Daniel", kama sisi sote tunavyoandikwa, jina la mtoto na jina la baba. Kwa Tanzania hapo hakuna tatizo. Kwa Mmarekani, Daniel ni jina la kwanza la mume wangu, siyo la ukoo, na mtoto angeonekana wa familia nyingine kabisa. Bahati nzuri Baba Kabula alikuwa amesimama pale na pasipoti mkononi. Nesi akacheka, akaandika upya, akamwambia: "Shemeji, nyie majina yenu yanaanzia nyuma." Nashauri msiondoke wodini bila kusoma ile karatasi herufi kwa herufi: jina la mtoto, majina ya baba yote matatu, yako wewe, tarehe. Kikishatoka cheti, kurekebisha ni safari nyingine.

Vielelezo vya mimba navyo vinatakiwa, au tuseme ni vizuri uwe navyo. Tulibeba kadi ya kliniki ya mama mjamzito, picha za utrasaundi, risiti za hospitali, karatasi ya kuruhusiwa, na picha chache nikiwa na tumbo. Nilibeba hata moja niko kwenye meza yangu ya mitumba, tumbo limetangulia mbele ya belo la nguo za watoto.

Sasa picha ya pasipoti. Hapa ndipo nilipotaka kulia. Kipimo chao ni sentimita tano kwa tano, nyuma peupe kabisa, uso wa mbele, na mkono wa mtu mwingine usionekane. Studio niliyoenda katikati ya mji ina pazia la bluu, maana picha zetu za pasipoti ni za bluu, na kijana alikataa katakata kuamini kwamba kuna nchi inataka nyeupe. Mwishowe akapiga kwenye bluu na "akasafisha" kwa kompyuta. Kabula akatoka na sikio moja. Nikalipa, nikaenda zangu bila kuongeza neno. Nyumbani nikachukua shuka jeupe la mtumba, lile zito la hoteli, nikalitandika sakafuni karibu na mlango penye mwanga wa saa nne asubuhi, nikamlaza mtoto chali. Bibi yake akakaa upande wa kichwani akitikisa funguo juu ya simu ili mtoto atazame juu. Mume wangu akasimama juu yake, miguu huku na huku, akipiga. Mtoto mchanga anaruhusiwa macho yasiwe wazi kabisa, kwa hiyo msijitese kusubiri atazame kama bibi harusi. Nyingi zilitoka na ngumi mdomoni. Moja ikakubali, tukaenda kuichapisha sehemu nyingine.

Fomu ni mbili za msingi. Ya taarifa ya uzazi inaitwa DS-2029, ya pasipoti ni DS-11. Ya pasipoti jazeni, lakini msisaini, saini inawekwa mbele ya ofisa. Na ichapwe upande mmoja wa karatasi. Steshenari moja hapa mjini walinichapia mbele na nyuma "kukuokolea hela, mama", nikarudisha, tukabishana kwa shilingi mia tano. Hapo hapo akatokea kijana aliyesikia neno ubalozi, akaniambia ana mtu wake ndani, nimpe kitu kidogo jina letu lipande juu. Vishoka hao wako kila mahali, hata kwa jambo ambalo miadi yake mnaiomba wenyewe kwenye mtandao. Nilimwambia mtu wangu wa ndani ni Kabula.

Gharama rasmi ni dola 100 za ile hati na dola 135 za pasipoti ya mtoto, jumla dola 235. Nauli ndiyo ilitukata zaidi. Wazazi wote wawili wanatakiwa wafike, na mtoto mwenyewe lazima awepo, huwezi kumwachia bibi. Kama mzazi mmoja hawezi kufika kwa ajili ya pasipoti, kuna fomu ya ridhaa, DS-3053, inayosainiwa mbele ya mthibitishaji. Sisi tulikwenda kwa ndege na kurudi kwa treni ya SGR mpaka Dodoma, kisha basi mpaka Mwanza. Treni ni raha, mtoto alilala njia nzima. Basi la kupitia Singida na Shinyanga na kichanga mapajani simshauri mtu, na dereva wetu alikuwa na taarabu moja tu.

Ubalozini. Ulinzi ni mkali, na wenye umri wangu hatuulizi kwa nini, tunaikumbuka Agosti 7, 1998, siku ubalozi huo ulipolipuliwa kwa bomu. Acheni simu na vifaa vya umeme mlikofikia. Nilikuwa nimejiandaa kwa Kiingereza changu chote, lakini mtu wa kwanza dirishani alikuwa Mtanzania mwenzangu. "Karibu mama, mtoto hajambo? Mmetoka Mwanza na huyu?" Akapokea karatasi moja moja, akazipanga, halisi huku na nakala kule, akarudisha zile ambazo hazihitaji. Rekodi za shule za Baba Kabula alizitazama kwa makini, kadi yangu ya kliniki akaifungua mpaka ukurasa wa mwisho. Picha ya mtumba na tumbo ilimchekesha.

Baadaye akaja ofisa wa Kimarekani, dada kijana. Alituuliza tulikutana wapi, tumeishi wapi pamoja, na mimba ilipoingia kila mmoja alikuwa mji gani. Maswali hayo yanaweza kumkera mtu wa kwetu, maana mbele ya mtu baki hatuzungumzi hivyo. Aliuliza kwa adabu, akatazama tarehe za mihuri kwenye pasipoti, akaridhika. Kisha tukaambiwa tuinue mkono wa kulia tuape kwamba tuliyoandika ni kweli. Baba Kabula akainua, Kabula akautamani ule mkono, akaanza kulia kwa nguvu zake zote, na kiapo kikasimama. Dada wa watu hakununa. Alisubiri nimnyonyeshe, akaanza tena. Hapo ndipo tisa yangu ilipopatikana, siyo kwenye haraka. Ofisi nyingi nilizoingia na mtoto analia, nimetolewa nje kwa macho.

Hati na pasipoti havichapwi Dar, vinachapwa Marekani kisha vinarudi, kwa hiyo msikate tiketi ya kwenda kumsalimia bibi wa Ohio wiki inayofuata. Vyetu vilikuja baada ya wiki chache, majina yote yako sawa, na mkono wa bibi hauonekani kwenye picha. Pasipoti ya mtoto ni ya miaka mitano tu, na ya pili inaombwa vile vile, wazazi wote na mtoto mbele ya ofisa. Nimeshaanza kuweka akiba ya nauli.

Kwa mlioko Bukoba, Musoma au visiwani Ukerewe, ambao mna safari ndefu kuliko yangu: kila kinachotakiwa kuchapwa kichapwe kabla ya kuondoka, na nakala za kila kitu, hata cheti cha ndoa, ziwe kwenye bahasha tofauti na halisi. Bahasha ya halisi abebe yule asiyebeba mtoto. Picha, pigeni nyumbani. Shuka jeupe zito nauza shilingi elfu nane, ukinunua na nguo za mtoto tunaelewana.