Nililipia tundu la serial, nikauziwa kifuniko: uzoefu wangu na laptopu ya gereji, Mbeya

Nilijiambia nisubiri hasira ipoe ndipo niandike kwa utulivu. Haijapoa, na kila nikiiona ile laptopu mezani inapanda upya, kwa hiyo naandika hivi hivi. Kama wewe ni fundi na unatafuta laptopu ya gamba gumu, ile ya kuhimili vumbi, dizeli na kuanguka, soma kabla hujatoa hela yako. Duka sitalitaja. Lipo hapa Mbeya mjini, lina vioo vizuri na kiyoyozi, na mimi huko sirudi kununua hata chaja ya simu.

Mimi ni fundi umeme wa malori, gereji yetu ipo Uyole, pale njia ya Tukuyu na Kyela inapoachana na barabara kuu ya Tunduma. Malori ya Zambia na Kongo yanapita mlangoni, na yakiwasha taa ya injini yanaingia kwetu. Kwa miaka mingi nimefanya kazi na Panasonic Toughbook CF-19, niliyoipata ikiwa tayari imetumika Ulaya. Wanaoijua wanaijua: ile ndogo, nzito, yenye mshikio, skrini unaigeuza na kuilaza. Imelazwa juu ya chasisi, imemwagiwa maji ya rejeta, imekula vumbi la Septemba na baridi la Juni la hapa kwetu linalogandisha vidole. Haina feni, kwa hiyo vumbi haina pa kulivutia. Sijawahi kuifungua kwa ubovu.

Lakini umri ni umri. Betri ilikuwa haishiki chaji, tundu la umeme limelegea, na Windows 7 iliyomo Microsoft waliacha kuihudumia tangu Januari 2020. Programu nyingi mpya za kupimia injini hazikubali tena kusimikwa humo. Lori jipya likija, nilikuwa naazima laptopu ya mwanangu wa chuo, kitu chembamba ambacho nikikiweka kwenye ngazi ya kabini roho inanidunda. Basi nikaamua kununua nyingine ya kazi ngumu, ya umri mdogo zaidi, na niliweka sharti moja tu: iwe na tundu la serial la pini tisa, lile tundu la zamani la kuunganishia kebo ya vifaa, ndani ya mwili wake.

Najua kuna watakaosema serial ya nini wakati kuna USB na Bluetooth. Wapo mafundi wa magari madogo ambao hawaihitaji kabisa, na siwabishii. Mimi nina kiboksi cha kuunganishia malori ya zamani kidogo ambacho kinazungumza kwa serial tu, na meza ya kupimia pampu za dizeli nayo ni hivyo hivyo. Vifaa hivi vinafanya kazi, na kuvibadilisha vyote ni hela ya kununulia bajaji. Halafu kuna jambo ambalo muuza kompyuta hawezi kulijua mpaka akae gereji. Kichwa cha kebo ya serial unakikaza kwa skrubu mbili za pembeni. Ukishakaza, kimekaa. USB inashikwa na kubana kwake tu, na kabini ya lori inakaa juu ya springi au mito ya upepo, mtu akikanyaga ngazi yote inayumba. Na unapoandika programu kwenye kontroli boksi ya injini, ile kompyuta ndogo inayoiongoza, hakuna kusimama katikati. Mawasiliano yakikatika kabla haijamaliza, boksi linabaki halina programu ya zamani wala mpya, na injini haiwaki. Ndiyo maana nasema tundu. Sikuwa nalitaka kwa mapenzi ya vitu vya kale.

Siku ya kununua nilimuuliza muuzaji waziwazi, tena mbele ya watu: "Kijana wangu, hii ina serial? Ya pini tisa, ya kwake yenyewe, siyo ya adapta?"

Akanigeuzia laptopu upande wa nyuma, akagonga kifuniko cha mpira kwa kidole. "Ipo mzee, si hii hapa? Imeandikwa." Na kweli kifuniko kina ile alama ya serial ya IOIOI ambayo kila fundi anaijua. Nikataka kukifungua. Akanizuia mkono. "Usifungue mzee, hiyo sili ya kiwandani. Ukiifungua dhamana imekufa." Nikalipa, zaidi ya milioni mbili, nikapewa risiti ya mashine iliyoandikwa neno moja tu, kompyuta, bila jina wala namba ya modeli. Jioni gereji nikafungua kifuniko. Ndani kuna kipande cha plastiki nyeusi, bapa, kimefungwa vizuri kabisa. Hakuna pini hata moja. Nikamulika na tochi nikidhani naona vibaya. Plastiki.

Kumbe kwenye laptopu nyingi za namna hii za siku hizi tundu la serial ni la kuagiza, mteja wa kwanza huko zilikotoka anachagua awekewe au asiwekewe. Gamba ni lile lile na nafasi ni ile ile, ila aliyeagiza bila serial anazibiwa kwa plastiki. Kiwanda hakina kosa hapo. Kosa ni la mtu aliyegonga kifuniko kwa kidole na kusema ipo.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Nilirudi dukani na laptopu na risiti. Nilikuwa na ovaroli, ndiyo, nimetoka kazini. Mikono nilinawa kwa sabuni ya unga mpaka ikachubuka, lakini weusi wa kwenye kucha za fundi hautoki, kila mtu anayeishi na fundi anajua. Yule kijana, rika la mwanangu wa pili, hakunisalimu. Nikamwambia tatizo, akacheka. Akasema kwa sauti ya kusikika duka zima: "Mzee, serial ni vitu vya miaka ya tisini. Ungesema unataka kompyuta ya makumbusho ningekutafutia." Wateja wakacheka. Nikamwambia, mwanangu, nilikuuliza na ukaniambia ipo. Akajibu: "Mimi nilikuonyesha kifuniko, wewe ndiye ulisema ni serial." Halafu, na hili ndilo silimezi, akachukua kitambaa: "Na tafadhali usiweke mikono kwenye kioo, tumetoka kufuta sasa hivi."

Nimetengeneza malori ya watu yanayobeba mafuta, mbolea na dawa za hospitali. Nimelala chini ya gari kwenye mteremko wa Iwambi, usiku, mvua inanyesha, ili dereva asikae na mzigo wa watu barabarani. Sijawahi kumwambia mteja asiguse gari yake kwa sababu ya mikono yake. Kijana huyu alinifuta kwenye kioo chake kama doa, na alifanya hivyo huku hela yangu ikiwa kwenye droo yake.

Akanipa adapta ya USB kwenda serial, akaita ofa, akasema inafanya kazi ile ile. Nilipoichomeka ikatoa alama ya njano na kusema kifaa hakiwezi kuanza, kodi 10. Mafundi wenzangu mnaifahamu hiyo. Chipu nyingi za adapta hizi za bei ndogo ni za kughushi, zimechapwa jina la Prolific au FTDI, kampuni zinazotengeneza chipu hizo, wakati hazikutoka kwao, na draiva mpya za Prolific, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa, zikitambua chipu bandia zinaigomea. FTDI mwaka 2014 walikwenda mbali zaidi: draiva yao iliyokuja kupitia masasisho ya Windows ilikuwa inafuta namba ya utambulisho ya chipu bandia ikawa sifuri, na kifaa kikawa hakitambuliki tena na Windows. Nikampigia kijana simu. Akasema weka draiva ya zamani, akakata. Nikaweka ya zamani, ikakubali.

Ikakubali mpaka siku ilipokuja lori ya kwenda Lubumbashi. Dereva mtu mzima, mpole, amesafiri vizuri toka Dar, akapandisha Kitonga salama, akaja kuishiwa nguvu karibu na Igurusi. Kazi ilihitaji kuandika upya programu ya boksi. Nilichukua hadhari zote ninazozijua: chaja ya betri kwenye volti 24 za lori isiyumbe, laptopu imejaa chaji, simu pembeni. Ikiwa katikati ya kuandika, utingo akapanda kuchukua blanketi lake, kwa sababu baridi ilikuwa kali. Kabini ikayumba kidogo. Kialama cha adapta kikapotea kwenye skrini, na lori ikafa.

Sitaki kumlaumu yule utingo. Anaruhusiwa kuchukua blanketi lake. Kama kebo yangu ingekuwa imekazwa kwa skrubu mbili kwenye tundu nililolilipia, angepanda na kushuka usiku kucha. Dereva alilala hapo gereji kwenye baridi la Uyole, mwenye lori anapiga simu toka Dar kila nusu saa, na mimi nina laptopu ya milioni mbili isiyoweza kuzungumza na boksi.

Aliyetuokoa ni CF-19. Nikaiunga kwenye umeme kwa waya wa kushikilia na mkono, nikakaza kebo ya serial kwa bisibisi, nikaanza kuandika upya toka mwanzo. Kwa bahati programu ya boksi lile bado inakubali Windows 7. Ilikwenda polepole, lakini haikutikisika. Dereva aliposikia injini imeshika alinikumbatia bila kusema kitu.

Hapa ndipo ningemaliza kwa kusema laptopu mpya ni takataka. Siwezi, kwa sababu ningesema uongo. Mashine yenyewe ni nzuri, nzuri sana. Skrini inasomeka saa saba mchana jua likiwa utosini, jambo ambalo laptopu ya mwanangu haiwezi hata ukiifunika na koti. Kioo kinapokea kidole chenye glavu. Betri mbili, unatoa moja huku nyingine inafanya kazi. Kijana wangu wa gereji aliiangusha kutoka kwenye bampa la Scania ikatua kwenye zege, nikafumba macho, nikaiokota, inaendelea na kazi. Programu mpya zote zinaingia. Kwa malori mapya yanayotumia vifaa vya USB au vya hewani nimefanya nayo kazi za kupima ambazo zamani nilikuwa nazirudisha mjini kwa watu wengine. Mtu akiniuliza kama anunue laptopu kama hii, namwambia anunue. Namwambia kwa moyo wote. Halafu nakumbuka kile kitambaa kwenye kioo na nataka kufuta nilichoandika.

Ila ukienda kununua, beba kebo yako na tochi. Fungua kila kifuniko, chomeka kebo, kaza skrubu, uone kompyuta inatambua. Na dai risiti iandikwe modeli. Mwenye duka akikwambia kufungua kifuniko kunaua dhamana, ondoka hapo hapo. Vifuniko vile vimetengenezwa kufunguliwa, ndiyo kazi yake, na alama ya kuzuia vumbi na maji wanayojisifia nayo inahesabika vifuniko vikiwa vimefungwa, maana yake kiwanda kinajua vitafunguliwa na kufungwa kila siku.

Nilirudi tena dukani baada ya yale ya lori. Kijana hakuwepo. Alikuwepo dada wa kaunta, akaniamkia shikamoo, akanipa kiti. Akatafuta kwenye makabrasha ya mzigo, akatoa karatasi iliyokuja na laptopu, akanionyesha mstari. "Baba, hii haikuja na serial. Imeandikwa hapa, hamna. Ilikuwa hivyo toka imeshuka." Maana yake walikuwa nayo karatasi siku ile ile ninayouliza. Akanipigia nakala bila kuombwa, akasema tundu lenyewe linaweza kuagizwa nje na kufungwa kwa skrubu chache pale kwenye nafasi yake. Nilimshukuru sana, na moyo ulianza kutulia. Kesho yake kijana akanipigia: tundu linaagizika, lakini nilipe laki tatu na nusu.

Silipi. Sheria ya ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na malalamiko yangu kwa Tume ya Ushindani nimeshayaandika, nimeambatisha risiti na ile nakala. Wakileta tundu kwa gharama yao, nitafuta malalamiko na nitaandika hapa kwamba wameleta. Msamaha wa maneno ya siku ile nautaka pia, mbele ya watu, kama yalivyosemwa.

Kwa sasa CF-19 nimeiwekea betri mpya na kuikazia tundu la umeme, na ndiyo inayofanya kazi zote za kuandika kwenye maboksi ya zamani. Mpya inafanya za kupima. Laptopu naipa nyota nne, ingekuwa tano. Duka nalipatia moja, na hiyo moja ni ya yule dada.