Saa ya kupima usingizi na kazi ya usiku: nimeivaa miezi tatu, njo bile niliona

Kwanza niseme kazi yangu, bila ile hamutaelewa. Natumika mu uzine moya hapa Lubumbashi, ku barabara ya Likasi, mu chumba ya kontroli, tuko ekipe tatu: 6h mpaka 14h, 14h mpaka 22h, na ya usiku 22h mpaka 6h, kila wiki tunabadilisha. Pembeni ya ile nakimbia, zaidi barabara ya Kasapa, na mara mbili kwa wiki nanyanyua byuma. Mwaka huu nilianza kuona miguu inakuwa mizito bila sababu, ile mizigo nilikuwa nabeba muzuri mu mwezi wa tatu, mwezi wa sita inanishinda, na ku nyumba nilikuwa nakasirikia batoto juu ya bintu bya bure. Rafiki moya wa kazi akaniambia ni usingizi, nunua saa yenye kupima usingizi utajiona wewe mwenyewe. Nikaenda mu mji, nikapata moya ya Uchina, dolari 28, jina yake sitaitaja juu mwenye kuniuzia alinihudumia muzuri na sitaki kuletea muntu matatizo.

Sasa sikilizeni usiku ya kwanza. Niko mbele ya ekra, 3h ya usiku, pompe zote zinatembea muzuri, hakuna alarme, niko nimekaa tu, mikono juu ya meza, macho wazi kabisa naangalia namba. Nafika ku nyumba asubui nafungua telefone, saa inaniambia nililala saa moya na dakika kumi, "usingizi ya ndani", ile nzito kabisa, dakika 38. Ya ndani! Mu kazi! Nilishituka kabisa, nikawaza kama shefu anaona ile ekra nitaeleza nini, nitasema haki ya Mungu nilikuwa macho? Ekipe mzima ilinicheka wiki nzima, mpaka leo bananiita "ya ndani".

Kisha nikalala kabisa, 7h30 mpaka 13h, usingizi yangu ya kweli. Saa ikaandika nini? Dakika 40 ya "kupumzika". Ile ingine yote hakuna. Nilitafuta mu mipango yake, nikaona iko na masaa yake ya kuhesabu usingizi, inaanza magaribi inaishia asubui, na ile ya kwangu hauwezi kubadilisha. Kwa hiyo muntu wa kazi ya usiku, kwa ile saa, ni muntu halalaka kamwe.

Shida yake inaeleweka ukijua vile inafanya kazi. Saa haioni ubongo yako. Inaona mukono kama inatikisika ao haitikisike, na ile taa ya kijani chini yake inasoma damu kupita mu ngozi, njo inapata mapigo ya moyo. Kisha inabahatisha. Ku hopitali yenye kupima usingizi kabisa banakubandika nyuzi ku kichwa, banasoma ubongo. Muntu mwenye kukaa kimya mbele ya ekra na muntu mwenye kulala, mukono yao ni moya tu.

Nilitaka kuirudisha. Nikabakia nayo juu ya bintu bibili.

Ya kwanza ni alarme yake, inatikisika ku mukono bila kelele. Niko na mutoto wa miezi nane, muke yangu analala na yeye pale pale, zamani telefone ikilia 4h30 kwa ajili ya busi ya kazi nyumba nzima inaamka na mutoto anaanza kulia na mie naenda kazini na ile kilio mu masikio. Sasa naamka miye peke yangu kama mwizi. Kwa ile tu dolari 28 yangu imerudi.

Ya pili ni mapigo ya moyo ya kupumzika, vile moyo inapiga kwa dakika ukiwa umetulia. Hapa saa haidanganye sana, nilihakikisha: niliweka kidole ku shingo, nikahesabu dakika nzima, nikapata 56, yenyewe ikasema 57. Wiki ya asubui niko 54, 55. Wiki ya usiku inapanda 62, 64, na siku moya nilitoka usiku ya nne, moyo iko 66, nikajilazimisha kwa kichwa ngumu kuenda kubeba byuma, nikaumia mugongo, siku tisa bila kufanya kitu. Tangu pale, nikiona imepanda saba ao nane juu ya kawaida, natembea tu, ao nabakia ku nyumba.

Lakini kulala yenyewe, saa haikunisaidia kitu, na hata ilinizidishia mawazo. Nilikuwa naamka 10h naangalia namba, naona mbaya, usingizi inaondoka kabisa. Na mesaji zote zilikuwa zinatikisa mukono mchana, kundi ya familia, kundi ya kanisa, mupaka nikazima yote. Sasa naivaa na ekra imeangalia chini.

Bile bilinisaidia ni bintu bingine, na bei yake ni kidogo. Bulangeti nyeusi ku dirisha, na misumari mine, giza mpaka hauone mukono yako. Mu mwezi wa kumi na joto ya Lubumbashi na mabati juu, 11h mu nyumba ni kama furu, basi nalala chini ku sima na mukeka, kitambaa ya maji ku shingo, na umeme ikiwako vantilatere. Ku busi ya kurudia navaa lunete nyeusi, bananicheka tena, lakini ile mwangaza ya asubui njo inaambia mwili kama siku imeanza. Kila muntu iko na saa ingine ndani yake. Nobel ya udaktari ya 2017 ilipewa Bamarekani batatu, Hall, Rosbash na Young, juu ya kueleza vile ile saa ya ndani inatembea, na bo baliichunguza mu binzi bidogo bya matunda. Ile saa haiuzwe mu mji na haigeuke kwa wiki moya.

Kafe: zamani nilikuwa nakunywa ya mwisho 5h juu ya kumalizia kazi. Nusu ya kafe inaweza kubakia mu mwili karibu masaa tano, unaona, 10h niko mu giza na nusu ya kikombe ingali inaniamusha. Sasa ya mwisho ni 1h. Bukari ya asubui pia nilipunguza, nakula kidogo, ile sahani ya kweli nakula nikiamka. Na mazoezi nilihamisha: sibebe tena byuma nikitoka usiku, nabeba 17h nimeisha kulala, mbele ya kuenda kazini. Juu ya masaa saba ya kulala yenye banatwambia, mchana siyapate kwa mara moya, nalala masaa tano asubui, kisha saa moya na nusu tena mbele ya 20h.

Kitu kimoya hakuna saa ya kukisaidia: zamu zetu zinazunguka kwa kurudi nyuma, usiku, kisha mchana, kisha asubui. Kuenda mbele, asubui, mchana, usiku, mwili inafuata vizuri zaidi juu kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kulala mapema. Tuliomba, banasema batafikiria.

Mabaya yaliyobakia: ku kartoni baliandika batri siku 14, kwangu ni tano. Mukanda yake ya mpira ilinitoa bipele ku mukono na jasho, nikamupa fundi wa kushona pale soko ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, akanishonea ya nguo, franki elfu tano.

Kama unatumika muchana na unalala usiku, nunua, nyota nne. Kama uko wa usiku kama miye, nyota mbili na nusu, na ile nusu ni ya alarme. Muke yangu ameanza kuiomba, anasema mutoto iko anaanza kulala usiku mzima na yeye anataka kujua kama ye analala pia.