Programu gani ya michoro ununue, ikiwa karatasi za mradi zinakupotea

Mwaka juzi ngazi ya jengo la ghorofa moja hapa Tororo ilimwagwa zege kwa mchoro ambao sisi tulikuwa tumeshaubadilisha mara mbili. Foromani hakuwa na kosa. Yeye alikuwa na karatasi iliyoandikwa A-07. Ofisini tulikuwa na "A-07 mpya" na "A-07 mpya kabisa", na iliyomfikia kwa WhatsApp ilikuwa ile ya kwanza. Gharama ya kuvunja tulilipa sisi.

Tangu hapo, mtu akiniuliza anunue programu gani ya kuchorea, namuuliza kwanza: jengo lako kubwa kuliko yote lilikuwa na karatasi ngapi? Mistari programu zote huchora. Nyumba ya vyumba vitatu yenye karatasi sita haihitaji zaidi ya folda moja na majina yaliyonyooka, na fedha zako zibaki mfukoni. Matata huanza karatasi zikifika ishirini: ramani za sakafu, mikato (jengo likionyeshwa kama limekatwa katikati), milango na madirisha, nondo, mabomba, umeme. Kila moja ina kijisanduku chake pembeni chenye jina la mradi, namba ya karatasi, tarehe na toleo. Kamati ya Ujenzi ikikurudishia michoro kwa sababu namba ya kiwanja imekosewa, utafungua mafaili ishirini kurekebisha namba moja. Na moja utaisahau.

Dawa ya hayo ni seti ya karatasi, na ndiyo kipimo nilichotumia kupanga orodha hii. AutoCAD, programu ya kuchorea ya kampuni ya Autodesk, iliileta katika toleo la 2005. Ni faili dogo lenye mwisho wa .dst linaloshika orodha ya karatasi zote za mradi, hata kama zimetawanyika kwenye mafaili mengi ya DWG, yaani mafaili ya michoro ya AutoCAD. Jina la mteja na namba ya kiwanja unaviandika mara moja ndani ya seti, na vijisanduku vilivyounganishwa nayo huvisoma kutoka hapo. A-07 ikigeuka kuwa A-08, alama za mkato zinazoielekeza hubadilika nayo. Ukimaliza, unatoa PDF moja ya kila kitu kwa mpangilio wake.

Namba moja kwangu ni BricsCAD. Inatengenezwa Ghent, Ubelgiji, na kampuni yake imo chini ya Hexagon tangu 2018. Inafanya kazi ndani ya DWG moja kwa moja, inafungua seti za .dst zilizotoka AutoCAD, na amri fupi ambazo vidole vyako vimezizoea nyingi ni zilezile. Hata vijiprogramu vya LISP, vile vya kufupisha kazi za kurudiarudia, ulivyojikusanyia miaka yote havitupwi. Ila kilichoniamulia ni leseni: unaweza kuinunua ukaimiliki bila kulipa tena kila mwaka. Ofisi ndogo za huku hupata kazi kwa misimu. Kuna miezi wateja wanapanga foleni, kisha shule zinafunguliwa, karo zinalipwa, na aliyekuahidi nusu ya malipo hapokei simu. Leseni ya kulipia kila mwezi haijui habari za karo. Udhaifu wa BricsCAD ni kwamba vijana wengi wamefundishwa AutoCAD vyuoni, kwa hiyo wiki mbili za kwanza jiandae kusikia manung'uniko.

AutoCAD kamili naiweka ya pili, na kwa ofisi inayopokea michoro kutoka kwa kampuni kubwa za Kampala au Nairobi pengine ingekuwa ya kwanza. Seti zake ndizo zilizokomaa kuliko zote. Lakini Autodesk iliacha kuuza leseni za kumiliki mwaka 2016, sasa ni kukodi tu. Ukiihitaji siku chache kwa mwezi, uliza habari za tokeni za Flex, kama vocha unazonunua mapema: unakatwa kwa siku uliyofungua programu. Tokeni zenyewe huisha muda baada ya mwaka, usijaze ghala.

ZWCAD ya Guangzhou, China, ni ya tatu. Nayo inauzwa kwa kumiliki, na kwenye laptopu yetu kuukuu ilifunguka bila kelele. Kabla ya kulipa, nenda na fleshi yenye mradi wako wa kweli pamoja na faili lake la .dst. Muuzaji aufungue mbele yako, abadilishe jina la mradi, atoe PDF ya karatasi zote. Akikwambia jambo hilo linakuja toleo lijalo, rudi toleo lijalo. Jaribio hili lifanye kwa kila programu na kwa daraja lilelile unalonunua.

Ya nne, AutoCAD LT. Watu huichukua kwa sababu ni nafuu na jina linafanana na la kaka yake, kisha wanagundua haina seti ya karatasi. Ni chombo kizuri kwa nyumba za karatasi sita.

LibreCAD ni ya bure na ya halali, basi imfae anayechora milango ya chuma na vyuma vya madirisha. Inahifadhi DXF, aina nyingine ya faili la mchoro, DWG haihifadhi, na haina kurasa za kupangia michoro kabla ya kuchapa, kwa hiyo orodha ya karatasi utaitunza kwenye daftari. Wanaoisubiri DraftSight, programu nyingine ya kuchorea, ya bure wasisubiri. Hiyo ilikoma mwisho wa 2019. Leseni ya bure ya wanafunzi kutoka Autodesk nayo ni ya kusomea tu, si ya kazi ya malipo.

Ile AutoCAD inayokuja "zawadi" ndani ya laptopu ya dukani sijaipa namba. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 inalinda programu za kompyuta, lakini mimi naogopa zaidi kinachokuja nayo. Mwaka 2012 kirusi kiitwacho ACAD/Medre.A, kilichoenea zaidi Peru, kiliiba maelfu ya michoro na kuituma China kwa baruapepe. Kilijificha katika faili la acad.fas, ambalo AutoCAD ya wakati ule ililisoma yenyewe kutoka kwenye folda ya mchoro. Ukiona faili la acad.fas au acad.lsp ambalo hukuliweka wewe, usifungue kingine chochote.

Fedha zikibaki, nunua UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika. Zisipobaki, nunua UPS kwanza. AutoCAD hujihifadhi kila dakika kumi, sisi tumeishusha hadi tano, na bado umeme hukatika katika dakika ya nne. Ya kwetu iko mwaka wa tatu. Betri tumebadilisha mara moja.